Nyimbo sita za Kijapani za machipuko: uanze na upi?

Mwezi wa pili binamu yangu aliniandikia: "Kaka, nitumie wimbo mmoja wa Kijapani wa majira ya machipuko. Mmoja tu, tafadhali, usinipe orodha." Alikuwa amemaliza kuangalia Naruto kwa mara ya pili, "Blue Bird" ya Ikimonogakari imemganda kichwani, na sasa alitaka kujua watu wale wanaimba nini nje ya katuni. Nikaona ni kazi ndogo. Kufika saa saba usiku nilikuwa na nyimbo sita, na kila nikitaka kuuondoa mmoja naona nitamnyima kitu.

Kwa sababu ukisikia "wimbo wa machipuko" unategemea jua, ndege na vicheko. Nyimbo za namna hiyo zipo. Candies, mabinti watatu, walitoa "Haru Ichiban" tarehe 1 Machi 1976, wakaufanya upepo wa kwanza mkali wa kusini kuwa kisingizio cha kutafuta mchumba, na mpaka leo ukipigwa miguu haitulii. Lakini ukichimba kidogo utakuta nyingi ni nyimbo za kuagana. Mwaka wa shule Japani unaisha Machi na mwingine unaanza Aprili. Serikali na makampuni mengi yanafuata kalenda hiyo hiyo, na waajiriwa wapya wanaripoti kazini tarehe 1 Aprili. Basi wiki zile zile za sakura, yaani miti ya cheri, kuchanua ndizo wiki za mahafali, za kufunga mizigo na za kusindikizana stesheni. Mti wenyewe nao hausubiri mtu. Pale Tokyo, Idara ya Hali ya Hewa ina mti wake wa kupimia katika hekalu la Yasukuni. Maua matano au sita yakifunguka, inatangazwa kwamba sakura imeanza. Baada ya wiki moja hivi miti imejaa, na kutoka hapo mvua moja ya usiku inatosha kuipukutisha.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayetaka wimbo wa machipuko halihusu rock wala pop. Namuuliza: wewe ndiye unayeondoka, au ndiye unayebaki?

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima nyimbo zote sita kwa mambo manne. La kwanza ni wakati wake: unakaa wapi katika majira, kabla ya maua, maua yakiwa juu, au yakiwa yanaanguka. La pili ni muziki, na humo naweka pia kama mtu wa kawaida anaweza kuuimba bila kuaibika kwenye karaoke. La tatu ni maneno: yanasema nini, na asiyejua Kijapani ataambulia kiasi gani. La nne, unamfaa nani.

Hapo kwenye maneno sisi tuna bahati. Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, zinatamkwa karibu sawa na zetu, na silabi zake nyingi zinaishia na irabu kama zetu. Chukua maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, yasome kama unavyosoma Kiswahili, na utakuwa umepatia sehemu kubwa. Mwingereza anahangaika na "sakura". Mtoto wa darasa la kwanza Tanga anaisoma tu.

"Nagori Yuki", Iruka, 1975

Wakati wake. Mapema kabisa, kabla hata ya maua. Jina lenyewe ni theluji inayosita kuondoka, ile inayoanguka wakati watu wameshasema baridi imekwisha.

Muziki. Ni folk ya miaka ya sabini, taratibu, gitaa mbele na sauti isiyojionyesha. Mtunzi ni Ise Shozo, na waliourekodi kwanza ni kundi lake, Kaguyahime, mwaka 1974. Lakini mwanamke huyu Iruka ndiye aliyeufikisha kila nyumba. Anaimba maneno ya mwanamume bila kuyageuza, na hilo linauongezea wimbo umbali fulani ambao naupenda. Kuuimba si kazi: hauna mlima wa kupanda.

Maneno. Hapa nitakaa kidogo, maana sijui wimbo mwingine unaosimulia dakika kumi kwa ukamilifu huu. Wawili wako stesheni Tokyo wanangoja treni. Mwanamume anaangalia saa. Theluji inaanguka nje ya msimu wake, na msichana anasema hii ndiyo theluji ya mwisho atakayoiona Tokyo. Treni inaanza kwenda, msichana amegandisha uso kwenye dirisha, anataka kusema kitu, na yule bwana anainamisha kichwa kwa kuogopa kuiona midomo yake ikitamka kwaheri. Kisha amebaki peke yake, anatazama theluji inavyoanguka na kuyeyuka, kuanguka na kuyeyuka. Wakati wote huo anachorudia kwenye kiitikio ni kwamba machipuko yamefika na yule msichana amependeza kuliko mwaka jana. Amechelewa kugundua, basi. Usipojua neno hata moja utasikia huzuni tu. Ukishajua hadithi, utaiona ile stesheni.

Unamfaa nani. Aliyebaki akiwa na neno ambalo hakulisema. Mwenye haraka ataona unavuta mno.

"Haru yo, Koi", Matsutoya Yumi, 1994

Wakati wake. Machi mwanzoni. Ua lake si sakura, ni jinchoge, kichaka kidogo ambacho harufu yake inakufikia kabla hujakiona.

Muziki. Unafunguka kwa piano inayotiririka kama manyunyu, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Huenda umewahi kuisikia bila kujua: Hanyu Yuzuru, bingwa wa kuteleza barafuni, aliitumia kwenye onyesho la watelezaji baada ya mashindano ya Olimpiki ya Beijing 2022. Ukisikiliza vizuri, karibu na mwisho utasikia nyuma ya sauti kuu wimbo wa zamani wa watoto wenye jina hili hili ukiimbwa pole pole. Kuuimba kunadanganya. Noti ni rahisi, lakini pumzi zake ni ndefu, na ukiukimbiza unaharibika.

Maneno. Ndiyo magumu kuliko yote sita. Uliandikwa kwa ajili ya tamthilia ya asubuhi ya jina hilo hilo ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, na Yumi aliingiza humo sarufi ya Kijapani cha kale. Fikiria mwimbaji wa bongo fleva anayepachika maneno ya Muyaka katikati ya kiitikio, na wimbo ukauza nakala zaidi ya milioni moja. Picha moja tu inatosha kukupa ladha: machozi ni matumba ya maua, na moja baada ya jingine yanaanza kutoa harufu.

Unamfaa nani. Anayemkumbuka mtu ambaye hajui atamwona lini, na ambaye haoni haya kusikiliza kitu kisichoeleweka mara ya kwanza. Mpenzi wa magitaa ya umeme aruke.

"Cherry", Spitz, 1996

Wakati wake. Ulitoka tarehe 10 Aprili, wiki ambayo wanafunzi wapya wanatafuta madarasa yao. La ajabu, ndani ya wimbo hakuna cheri wala sakura. Ua limebaki kwenye jina tu.

Muziki. Rock nyepesi, mdundo wa mtu anayetembea haraka akiwa na furaha asiyoielewa. Sauti ya mwimbaji wao, Kusano Masamune, iko juu, nyembamba na safi, na hapo ndipo wanaume wengi wanapokwama kwenye karaoke. Kwenye gitaa mambo ni tofauti. Wimbo uko kwenye C, na ubeti wake unazunguka mishiko ya vidole ya C, G, Am, Em na F, ndiyo maana Wajapani wengi wanaojifunza gitaa wanapitia hapa. Mimi pia nilipitia, nikakwama kwenye F kwa wiki mbili, kidole cha shahada kimechorwa mstari na waya mwembamba hadi mama akauliza nimejikata na nini.

Maneno. Ni mtu anayeondoka. Anasema hatasahau, anashika njia yenye kona nyingi, anakumbuka siku walizokuwa wakitekenyana na kugaragara. Mstari ninaoupenda ni pale anaposema kwamba mbele kuna maisha yenye kelele kuliko alivyowahi kuwaza, yanamngoja. Hasemi mazuri, wala hasemi mabaya. Anasema yana kelele. Asiyejua Kijapani anapata karibu kila kitu kwa mlio peke yake.

Unamfaa nani. Anayeondoka na mzigo mdogo. Na anayeanza gitaa, kama ana subira na ile F. Ukitaka kulia, hapa umepotea njia.

"Sangatsu Kokonoka", Remioromen, 2004

Wakati wake. Upo kwenye jina: tarehe 9 Machi, na ndiyo siku uliyotoka. Tarakimu 3 na 9 zikisomwa pamoja ni "san kyu", yaani "thank you" kwa matamshi ya Kijapani.

Muziki. Bendi ya vijana watatu kutoka Yamanashi: gitaa, besi na ngoma, hakuna kilichofichwa. Unaanza kimya, unajaa taratibu, na kiitikio kinafunguka bila kupiga kelele. Kati ya nyimbo hizi sita ndio unaoimbika vizuri zaidi na watu wengi kwa pamoja.

Maneno. Wengi wanaujua kama wimbo wa mahafali, lakini ulitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki wa wanabendi, iliyofanyika tarehe hiyo. Shuleni uliingia baadaye, hasa baada ya kuimbwa na wanafunzi katika tamthilia ya "1 Litre of Tears" mwaka 2005. Ukijua hilo, maneno yanageuka. Hakuna anayeaga. Kuna mtu anayeshtuka kwamba siku zimerefuka. Kuna kimbunga kidogo cha vumbi kinachojisokota kwenye nguo zilizoanikwa. Kuna mwezi mweupe kabla ya adhuhuri, na mtu aliyepiga mwayo mkubwa kisha akaona haya mbele ya mwenzake. Vitu vya nyumbani tupu, na vingi vimesemwa kwa lugha ya adabu, kama mtu anayetoa shukrani amesimama. Nimeona watunzi wengi wakitafuta mapenzi kwenye nyota. Huyu Fujimaki Ryota wa Remioromen ameyakuta kwenye kamba ya nguo.

Unamfaa nani. Wawili wanaoanza maisha, darasa linalomaliza, au mtu anayetaka kumshukuru mzazi na hajui aanzie wapi. Anayetaka sakura za kumwagika hatazipata.

"SAKURA", Ikimonogakari, 2006

Tahadhari kwanza. Ukiandika "Sakura" kwenye programu ya muziki utapotea. Moriyama Naotaro ana yake ya 2003, sauti na piano basi. Ketsumeishi wana yao ya 2005, ya kurap. Kobukuro, wawili walioanzia kuimba barabarani kule Sakai, wana yao ya mwaka huo huo. Zote nzuri. Hii ninayoisema imeandikwa kwa herufi kubwa zote, na ndiyo iliyowatoa Ikimonogakari rasmi tarehe 15 Machi 2006.

Wakati wake. Petali zinaanguka, tena kwa wingi.

Muziki. Sauti ya Yoshioka Kiyoe inaingia mara moja na kiitikio, kisha ala zinamfuata. Ni pop ya taratibu yenye kilele kikubwa, sauti imenyooka kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kwa wanawake wenye pumzi ni furaha kuuimba. Kwangu mimi kiitikio kinarudi mara moja zaidi ya inavyohitajika, ila binamu hakubaliani nami.

Maneno. Neno utakalolishika ni "hirahira", tanakali ya kitu chepesi kinachoshuka kikipeperuka. Sisi tunaomwaga maji mwaa na kuanguka pu, hatuhitaji kufafanuliwa. Kinyume cha "Cherry", hapa anayeimba ndiye aliyebaki: mwenzake alihama mji walipomaliza shule, na yeye anaziona sakura za mwaka huu kwenye dirisha la treni ya Odakyu, reli inayopita kweli kwao wanabendi, miji ya Ebina na Atsugi. Ameanza kuandika barua, ameandika kwamba hajambo, na anajua mwenzake ataugundua uongo huo mdogo. Mstari huo wa barua umebeba wimbo mzima.

Unamfaa nani. Aliyebaki mtaani wakati wenzake wamehama, na anayewajua tayari kupitia Naruto.

"Haru Dorobo", Yorushika, 2021

Wakati wake. Mwisho kabisa. Matawi yanabaki na majani.

Muziki. Huu ndio wenye kasi kuliko yote sita. Gitaa na ngoma zinakimbia, na juu yake sauti ya suis inaelea bila wasiwasi. Yorushika ni wawili, yeye na mtunzi n-buna, na hawaonyeshi nyuso zao. Kuuimba ni mtihani: maneno ni mengi, nafasi ya kuvuta pumzi ni finyu. Mimi nimeacha kujaribu.

Maneno. Jina ni "mwizi wa machipuko", na mwizi ni upepo. Petali zinasimama kwa uhai wa mtu. Ukilijua hilo, wimbo unaoonekana wa matembezi ya mchana unakuwa wa kumtembelea mtu ambaye siku zake zinahesabika. Mwishoni anahesabu kweli: limebaki ua moja baada ya mawili, kisha majani matupu. Muziki haupungui kasi wakati huo, na hiyo ndiyo inayouma.

Unamfaa nani. Kijana wa leo anayetaka kasi na maana pamoja. Mwenye kupenda nyimbo za zamani ataona maneno yanampita.

Sasa uchague

Kama ndiye unayeondoka, kwenda chuo, kazini au nchi nyingine, anza na "Cherry". Ukiwa bado na mtu wa kumshukuru kabla ya kupanda basi, weka "Sangatsu Kokonoka" kwanza. Na kama ni harusi, huu wa pili ndio, ila waambie watu asili yake, wasije wakadhani umewapigia wimbo wa kumaliza shule.

Kama umebaki, angalia umebaki vipi. Aliyeondoka mnaandikiana na unamdanganya kwamba hujambo: "SAKURA". Aliondoka na hukumwambia: "Nagori Yuki", usiku, huku unasoma maneno yake pembeni. Hutamwona tena hivi karibuni, au hujui: "Haru yo, Koi". Mgonjwa nyumbani ni jambo zito, na kuna watu ambao "Haru Dorobo" itawakaa vizuri sana na wengine itawaumiza. Isikilize mwenyewe kwanza kabla hujamtumia mtu.

Anayetaka kujifunza lugha aanze na "Sangatsu Kokonoka", kwa kuwa sentensi zake nyingi ni za adabu na kamili, kama zile za kitabu cha mwanzo. Wa karaoke wenye sauti ya chini watasalimika kwenye "Nagori Yuki". Wa mazoezi ya kukimbia wana "Haru Dorobo" na "Cherry". Na asiyeagana na mtu yeyote, ambaye anataka tu kufurahi, arudi kwa Candies kule juu.

Binamu nilimtumia zote sita, akanuna siku moja, kisha akachagua wa tarehe 9 Machi. Jana usiku ameniandikia: "Kaka, sentakumono ndiyo nini?" Nikamjibu ni nguo zilizofuliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Kumbe na kwao vumbi lipo."